Mkono wa kulia umevimba baada ya kutolewa ziwa. Naomba aliyepitia anishike mkono

Mama wa Mwaloni aliandika:

Wapendwa, habari za jioni. Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Kirumba hapa Mwanza, na kazi yangu ni kuuza dagaa pale soko la Mwaloni. Mwaka juzi, mwezi wa tano, nilitolewa ziwa la kulia kwa sababu ya saratani, pamoja na tezi za kwapani. Baadaye nikapigwa dripu sita za kemo, zile dawa kali za saratani, nikamalizia na mionzi ya wiki tatu. Sasa nipo kwenye vidonge vya tamoxifen vya kuzuia saratani isirudi, kimoja kila siku. Namshukuru Mungu, vipimo vya mwisho vilikuwa safi.

Kinachonileta hapa ni mkono. Ulianza taratibu, karibu mwaka mzima baada ya kupasuliwa. Mwanzoni ulikuwa uzito tu, kama umempakata mtoto aliyelala. Ikaja siku pete ya ndoa ikagoma kutoka, tukaitoa kwa sabuni mpaka kidole kikachubuka. Halafu harusi ya binti wa dada yangu: tumeshona sare ya kitenge, navaa asubuhi ile, mkono wa kushoto ukaingia vizuri, wa kulia ukakwama kwenye kiwiko. Watu wanasubiri nje, gari linapiga honi, mimi nimekaa kitandani na gauni nusu mwilini. Nilijifunika mtandio nikaenda hivyo hivyo.

Jioni nikibonyeza hapa juu ya kifundo cha mkono, kidole kinaacha shimo. Nimewahi kuhesabu, nilifika ishirini na mbili ndipo likajaa. Zamani nikiamka asubuhi nakuta umepungua, siku hizi unapungua kidogo sana.

Kliniki niliyohudhuria daktari aliutazama akasema hiyo ni kawaida kwa waliotolewa tezi, nisibebe kitu kizito. Akaita mgonjwa mwingine. Basi mimi nikalishika hilo neno kama lilivyo. Nikaacha gunia, beseni, ndoo na ufagio, hata kumbeba mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu. Akininyooshea mikono natazama pembeni. Huu ni mwezi wa nne tangu nikae nyumbani, binti yangu ndiye anasimamia mzigo, lakini wale wateja wa kutoka Kongo wamenizoea mimi, wakifika wasiponiona wanahamia kwa mwingine. Na mkono ambao haubebi kitu ndio unazidi kujaa!

Nilinunua bandeji ya kuvutika pale duka la dawa nikajifunga kuanzia kiwiko kwenda juu, nikalala nayo. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba hadi vinang'aa, nikaifungua kwa mkasi.

Majirani nao wana yao. Mmoja anasema ni matende. Mwingine anasema kuna mtu sokoni kanitupia kitu, anataka twende kwa mtaalamu wake nikachanjwe chale ili maji yatoke. Mume wangu hasemi, lakini naona anaanza kuelekea huko.

Naomba kujua: hali hii inapona? Nibebe au nisibebe? Hizo soksi za mkono ninazosikia zinavaliwaje kwenye joto hili letu? Na lile ninaloogopa kumuuliza mtu uso kwa uso, je, inaweza kuwa ugonjwa umerudi?

Kijana wa Igoma alijibu:

Pole sana mama. Bibi yangu alivimba mguu, tulimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi na kumchua kwa nguvu kila jioni, ulishuka. Pia kuna vidonge vya kukojoza, waulize duka la dawa, maji yote yatatoka. Mungu akusaidie.

Fundi wa Buhongwa alijibu:

Shikamoo dada yangu mkubwa, maana umenizidi miaka mitano. Nimesoma hapo kwenye gauni la harusi nikaweka simu chini kwanza. Mimi ni fundi cherehani, na gauni langu mwenyewe ndilo lilinionyesha mkono wangu wa kushoto umekuwa mkubwa. Huu ni mwaka wa saba niko nao.

Mdogo wangu wa Igoma, najua umesema kwa upendo, lakini tafadhali mama asikande kwa maji ya moto, asichuliwe kwa nguvu na asinywe vidonge vya kukojoza kwa ajili ya huu mkono. Nitaeleza kwa nini, maana mimi nilipoambiwa "usifanye" bila sababu sikusikia.

Mwilini mna damu, na pia mna maji mengine yanayoitwa limfu. Yanapita kwenye mishipa midogo sana chini ya ngozi, yanakusanya maji na mabaki ya protini yaliyobaki nje ya damu, yanapita kwenye tezi, kisha yanarudi kwenye damu hapa karibu na shingo. Ya mkono yanapita kwapani. Sisi tezi za kwapani zimetolewa, na mionzi imekaza kovu juu ya mishipa iliyobaki. Wewe wa Kirumba unaujua Mto Mirongo. Mvua ikinyesha na takataka zikaziba kule chini karibu na ziwa, maji yanapanda kwenye nyumba za watu. Maji yamekosa njia tu. Mkono wako ndio hivyo. Hakuna aliyekutupia kitu, dada.

Sasa ukikanda kwa moto, unaita damu nyingi mkononi, na damu ikija maji yanaongezeka. Ukichua kwa nguvu unaumiza ile mishipa michache iliyobaki, ambayo ni myembamba kuliko uzi ninaoshonea. Na vidonge vya kukojoza vinapunguza maji lakini ile protini inabaki kama tope, na tope linavuta maji upya. Kama mtu ana moyo au presha na daktari kampa, hiyo ni habari nyingine, aendelee navyo.

Kuhusu chale naomba unisikilize sana. Mimi nilichanjwa. Shangazi yangu alikuja kutoka kijijini, mwanamke anayenipenda kuliko wengi, akaleta mtu na wembe. Saba juu ya kiwiko, saba chini, akapaka unga mweusi. Maji yalitoka kweli, meupe, yakalowanisha kanga, shangazi akapiga kigelegele. Siku ya tatu jioni nilikuwa napinda upindo wa suruali ya mteja nikaanza kutetemeka, meno yanagongana, nikadhani malaria. Mume wangu alipowasha taa tukaona wekundu umepanda kutoka kwenye chale hadi begani, mpaka wake unaonekana kabisa kama umechorwa na chaki. Nililazwa siku sita nikiwekewa dawa kwenye mshipa. Maambukizi yale yaliharibu mishipa mingine, na mkono haukurudi tena kipimo cha kabla ya pale. Shangazi bado ananiomba msamaha kila tukionana, nami nilishamsamehe, lakini ngozi ya pale ni ngumu mpaka leo. Ngozi ya mkono huu ndiyo ukuta wako. Usikubali mtu autoboe.

Nilichofanyiwa kilichosaidia ni hiki. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alinifunga bandeji maalum kwa wiki tatu. Siyo ile ya kuvutika kama mpira. Hii inavutika kidogo tu, ndiyo maana msuli ukikaza ndani yake inasukuma maji. Alianza na pamba laini, akazungushia kila kidole peke yake, kisha kiganja, kisha akapanda hadi kwapani, imekaza zaidi kiganjani na kulegea kadiri anavyopanda. Wewe ulianzia kwenye kiwiko, kwa hiyo ulifunga mlango wa kutokea, maji yakabaki vidoleni. Usijilaumu, nami nilifanya kosa hilo hilo.

Mkono ulipopungua hadi ukakataa kupungua zaidi, ndipo nikapimwa soksi. Soksi ni ya kuushikilia ubaki pale ulipofika. Ukiinunua mkono ukiwa umejaa, unanunua soksi ya mkono uliojaa.

Navaa asubuhi kabla sijashuka kitandani, maana usiku mkono umelala usawa na maji yamepungua. Navaa glovu za mpira za kuoshea vyombo ili zishike kitambaa, napandisha kidogo kidogo bila kuvuta kwa kucha. Juu sikunji hata siku moja, ukikunja inakuwa kamba. Jioni navua, nafua kwa sabuni laini, naanika kivulini. Ninazo mbili nabadilishana, na baada ya miezi sita hivi naona zimelegea, hapo natafuta nyingine. Zina gharama, sitakuficha, na mara nyingi inabidi kuagiza. Lakini usinunue ya saizi ya kubahatisha. Isiyokutosha inaumiza kuliko kukaa bila.

Joto: ule mwezi wa tisa na wa kumi kabla mvua haijashika, bati la kibanda changu linawaka. Nalowanisha kitambaa cha kanga, nakamua, nafunika juu ya soksi. Kinakauka, nalowanisha tena. Inavumilika.

Kupima ndiyo silaha yangu. Nina futi ya kazi shingoni siku nzima, kwa nini nisiitumie? Kila Jumapili asubuhi napima mikono yote miwili: kiganja, kifundo, katikati ya mkono wa chini, kiwiko, katikati ya mkono wa juu. Kila mara kutoka umbali ule ule, futi ikigusa ngozi bila kubana. Naandika kwenye daftari la wateja, nina ukurasa wangu kati ya kurasa za watu wa gauni na suti. Mwanzoni pale chini ya kiwiko mikono ilitofautiana sentimita nne na nusu. Leo ni moja na nusu. Ikipanda nusu sentimita naijua kabla jicho halijaiona, narudi kwenye bandeji siku chache.

Mwisho, kazi. Mimi pia nilikaa. Mwaka mzima, dada. Nilifunga cherehani kwa shuka. Bega likakakamaa nikashindwa kuchana nywele. Aliyenirudisha kazini ni yule yule mtaalamu, aliniuliza, "Unadhani nani anasukuma hayo maji? Limfu haina moyo wa kuisukuma kama damu. Msuli ndio unasaidia." Nilianza na chupa ya nusu lita ya maji, kunyanyua mara kumi, soksi ikiwa mkononi. Baada ya wiki kadhaa lita moja. Leo nabeba jora la kitambaa, ila silibebi kwa mkono mmoja kutoka stendi, na nikichoka nashusha kabla mkono haujaniambia. Naushonea, naupikia, naupungia watu. Vaa subana, vaa glovu, lakini utumie.

Mazoezi Tiba Nyamagana alijibu:

Mama, pole, na hongera kwa kumaliza matibabu. Nafanya kazi ya fiziotherapia. Fundi amesema karibu yote niliyotaka kusema, tena ameyasema kwa mwili wake. Naongeza machache.

Nianze na swali uliloliogopa. Uvimbe ulioanza taratibu mwaka mmoja baada ya upasuaji na mionzi, unaoacha shimo na kupungua usiku, mara nyingi ndio huu wa limfu. Wanaotolewa tezi nyingi za kwapani, karibu mmoja kati ya watano huupata, na wengi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Lakini nisingependa ujipe jibu mwenyewe nyumbani. Rudi kwa daktari wa saratani akushike kwapani, juu ya mtulinga (ule mfupa kati ya shingo na bega) na shingoni, na ikibidi upigwe ultrasaundi, kwa sababu ugonjwa ukirudi kwapani au damu ikiganda kwenye mshipa navyo huvimbisha mkono. Usisubiri tarehe ya kliniki kama umevimba ghafla ndani ya siku chache, una maumivu makali, umebadilika rangi, vidole vimekufa ganzi au umeota mitoki. Tunataka hilo lijulikane kabla hujafungwa bandeji. Na mwenye moyo ulioshindwa kazi au mishipa ya damu iliyoziba hafungwi mpaka daktari aseme.

Hapa Mwanza, hospitali ya Bugando wana idara ya saratani. Ukifika uliza kwa maneno haya haya: "Naomba rufaa ya fiziotherapia kwa ajili ya uvimbe wa limfu." Wagonjwa wengi wanarudi nyumbani kwa sababu tu hawakuitaja.

Matende husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na mara nyingi hushika miguu na kwa wanaume huleta busha. Mkono wako una historia yake inayojieleza.

Kupona: tezi hazioti tena, kwa hiyo sitakuahidi kwamba utaamka siku moja mkono umesahau. Lakini shimo lako linalojaa polepole linaniambia bado ni maji. Yakiachwa miaka, yale mabaki hugeuka mafuta na nyama ngumu, hapo kidole hakizami tena na bandeji inafanya kazi kidogo. Ndiyo maana nakuhimiza uende wiki hii.

Kubeba: zamani sisi wenyewe tuliwakataza wagonjwa. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Marekani wa wanawake 141 wenye uvimbe kama wako. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki wakiongeza uzito pole pole, nusu hawakunyanyua. Mikono ya walionyanyua haikuvimba zaidi ya wenzao, na milipuko ya uvimbe ilikuwa michache kwao. Neno la kushika ni pole pole, na walisimamiwa. Gunia la dagaa siku ya kwanza hapana. Sado moja, kisha mbili, ukiutazama mkono siku inayofuata.

Kuna kuchua ambako kunasaidia, ila ni kwepesi kiasi kwamba wagonjwa wengi huniuliza kama nimeanza. Unavuta pumzi ndefu tumboni mara tano. Unaweka vidole juu ya mtulinga, unaisogeza ngozi tu, huibonyezi. Unaenda kwapa la upande mzima, unazungusha taratibu mara kumi, kisha kinena cha upande ule wenye mkono mgonjwa. Umefungua milango. Halafu kiganja kinapita kifuani kutoka upande uliopasuliwa kwenda ule mzima, na ubavuni kushuka kinenani. Mkono unakuja baada ya hapo, na unaanza juu begani kwa sababu lazima umwage cha mbele ili cha nyuma kipate nafasi: mkono wa juu, kisha wa chini, kiganja mwisho, kila mara ukielekeza juu. Kama unampapasa mtoto mchanga alale. Usifanye kama mkono una wekundu, moto au homa, na subiri daktari akushike kwanza.

Sindano na kipimo cha presha toa mkono wa kushoto, ni tahadhari nzuri. Ila ikitokea dharura wakatumia wa kulia, usikae usiku kucha na hofu. Na kama uzito wa mwili umeongezeka tangu ukae nyumbani, kuupunguza kunaweza kuusaidia mkono.

Baba wa Nansio alijibu:

Nawasalimu wote. Mimi ni mwanamume, mke wangu ndiye mwenye tatizo hili, nami nimelisoma hapa kwa niaba yake kwa sababu macho yake hayapendi simu.

Mama, wewe ni mtu wa samaki kama sisi, hivyo nakuambia la samaki. Mke wangu alikuwa anaparua sato, mwiba wa mgongoni ukamchoma kwenye dole gumba la mkono ule. Tone moja la damu. Akanyonya kidole, akaendelea na kazi. Saa tano usiku akaanza homa na baridi, tukamfunika mablanketi matatu. Alfajiri mkono ulikuwa mwekundu na wa moto kiasi kwamba ukiuweka kiganja karibu unausikia kabla hujagusa. Kituo cha afya walimwanzishia dawa, tukapanda kivuko cha asubuhi kuja Mwanza. Daktari aliniambia kwamba kwa mkono huu hatungoji kuona kesho itakuwaje. Kwetu kisiwani kesho ni mbali.

Tangu hapo sisi tuna desturi zetu. Samaki napara mimi. Yeye akishika dagaa anavaa glovu. Akichubuka popote, sabuni na maji safi papo hapo, dawa ya kidonda, kisha anakichungulia kila baada ya saa chache. Maji ya kuogea nachota kwenye kisima, mkono wenye mchubuko hauingii ziwani. Jioni anaosha mkono, anafuta hadi katikati ya vidole, nami nampaka mafuta ya mgando kuanzia kiwiko kushuka. Ni kazi ya dakika tano. Neti hatuilali bila. Na tulimwomba daktari wa Mwanza atuandikie dawa za kuanzia, tukae nazo ndani, na karatasi yake ya maelezo, ili usiku ukitukuta bila kivuko tuanze tukiwa njiani.

Nilisoma kwamba mume wako hasemi. Nami nilikuwa sisemi. Nilikuwa naogopa kuutazama mkono, nikaona afadhali nitazame nje. Mpe asome huu ujumbe.

Mama wa Mwaloni alirudi, wiki tano baadaye:

Wapendwa wangu, nimekaa kimya kwa sababu mkono ulikuwa umefungwa hadi vidoleni, kuandika kwa kushoto siwezi. Nimefunguliwa juzi.

Nilimpa mume wangu simu usiku ule ule. Alisoma kibarazani, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi ndani hakuzungumzia mtaalamu wala chale, aliuliza tu kliniki ni siku gani. Alikwenda nami. Daktari mwingine alinishika kwapani na shingoni kwa makini sana, nikapigwa ultrasaundi, hakuna mitoki, hakuna damu iliyoganda. Nilipoambiwa hivyo nililia pale pale kwenye benchi, mume wangu akawa anamweleza kila anayepita kwamba ni furaha.

Fundi, nilipofika fiziotherapia nikasema maneno yale kama nilivyoelekezwa, wakanipokea. Tofauti chini ya kiwiko ilikuwa sentimita tano na nusu. Nimefungwa bandeji wiki tatu, kila baada ya siku moja zinabadilishwa. Wiki ya kwanza usiku ilikuwa tabu, nilikuwa nalala na mkono juu ya mito miwili nahesabu jogoo. Sasa tofauti ni mbili na nusu. Soksi imeagizwa, pamoja na kipande cha kiganja, kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi kuvimba. Mpaka ifike najifunga mwenyewe, binti yangu akinishikia ncha.

Pete haijaingia. Nimeivalisha kwenye mkufu.

Mwaloni nimerudi, saa mbili za asubuhi kwanza, kabla jua halijawa kali. Nakaa kwenye kiti, napima mzigo kwa macho, vijana wanabeba. Glovu ninazo. Yule mteja wa Kongo alinikuta Jumanne, akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa naumwa ziwa, sasa nimerudi kwenye lile jingine linalonilisha. Alinunua magunia sita.

Na mjukuu: yule mtaalamu aliniruhusu, akasema nianze naye nikiwa nimekaa, kisha nisimame, kisha hatua chache, mkono wa kushoto ukichukua uzito mkubwa na wa kulia ukimshika mgongoni. Jana nimembeba kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka, hatua kumi na mbili. Alinishika sikio kama alivyozoea zamani. Nikamweka chini, na leo asubuhi nimepima. Hakuna kilichoongezeka.

Fundi wa Buhongwa alijibu:

Wabeja sana, dada. Nimeisoma kwa sauti hapa kibandani, wateja wawili wamenyamaza. Soksi ikifika usiivae peke yako mara ya kwanza, nitakuja Jumamosi na glovu zangu. Na lile gauni la harusi usimpe mtu. Lilete na kitenge kilichobaki, nitaufumua mkono wa kulia niweke kipande kirefu kuanzia kwapani hadi mwisho, na wa kushoto nitauwekea kile kile, iwe mshono.